Laki ya Baba

Juzi nilipita soko la Kilifi nikamkuta mama mmoja amekalia gunia, anavunja ukwaju. Alikuwa akizitoa kokwa kwa kidole gumba na kuzitupa chini huku akizungumza na mwenziwe, wala haziangalii. Ile harufu ya ukwaju, kali na tamu kwa pamoja, ikanipanda puani, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeinama, naziokota zile kokwa mavumbini. Mama yule akaniuliza, "Wazitakia nini, dada? Hizo hazina kazi." Nikaona haya, nikazimwaga, nikaenda zangu. Ningemweleza vipi, mtu tusiyejuana, pale pale sokoni? Nyinyi wa rika langu mliokulia Malindi huenda mkanielewa upesi, maana nanyi mmeikalia mikeka ile ya kusomea maiti.

Nyumba yetu ilikuwa Shela, Malindi, nyumba ya vyumba viwili na ua mdogo ulioshikana na ua wa duka la Mhindi. Baba yangu, Athumani, alikuwa mfanyakazi wa baa katika hoteli moja ya watalii ufuoni. Miaka ile Wazungu walikuwa wakimiminika Malindi, na kazi ya hoteli ililisha nyumba nyingi, Waislamu kwa Wakristo. Lakini kulikuwa na kazi ya hoteli na kazi ya hoteli. Mpishi aliitwa mpishi, mtunza bustani aliitwa mtunza bustani. Baba aliitwa "yule wa kule." Mimi nikiulizwa shuleni husema, "Babangu yuko hotelini," nikinyamaza hapo, na mtu akizidi kuniuliza, "Hotelini wapi?" namjibu, "Huko huko."

Alikuwa akitoka baada ya adhuhuri, shati jeupe limepigwa pasi na mamangu mpaka mikunjo imesimama. Alirudi sisi tumelala. Asubuhi nikiamka namkuta amekaa uani anakunywa chai, nami humshika mkono na kuunusa. Mikono yake ilinuka ndimu. Kutwa kucha alikuwa akikata ndimu za kutia kwenye vinywaji vya wageni, na ile harufu haikutoka hata kwa sabuni. Niliipenda sana. Halafu siku moja shangazi yangu Mwanaisha, dadake baba, akasema mbele yangu kwamba ndimu ni dawa nzuri ya kufukuza harufu nyingine. Sikuelewa siku ile. Nilipokuja kuelewa, niliacha kumnusa mikono, naye hakuniuliza kwa nini.

Je, alikuwa akinywa? Mamangu, Zuhura, aliapa maisha yake yote kwamba baba hakuonja hata tone. Mimi sikuwahi kumwona amelewa. Zaidi ya hapo sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Alianguka kazini, nyuma ya kaunta, jua la alasiri likiwa bado kali. Daktari alisema ni moyo. Walimleta nyumbani kwa gari la hoteli la kubebea shuka chafu, lile lenye picha ya mnazi ubavuni, na mtaa mzima ukaliona limesimama mlangoni petu. Kabla ya maiti kuoshwa neno lilikuwa limekwisha kuenea kwamba Athumani amekufa na chupa mkononi. Na kweli alikuwa nayo. Chupa ndiyo kazi yake, angeshika nini?

Walikuja kumzika, kwa sababu kumzika Mwislamu ni jukumu la wote. Walikuja, wakamzika, wakaondoka. Matangani kwetu hapakuwa na ile kelele ya vikombe na watu kupishana mlangoni niliyokuwa nimeizoea kwenye misiba ya wengine. Mamangu akaingia eda, akawa hatoki wala haonekani na wanaume wasio maharimu wake, na akitaka kusema nao huzungumza kutoka nyuma ya pazia la chumba chake.

Siku chache baadaye akaja Maalim Sudi, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akakaa sebuleni akaliambia pazia, "Bi Zuhura, Ijumaa inayokuja, Inshallah, tumsomee marehemu laki."

Pazia likajibu, "Inshallah, Maalim."

Mimi nilikuwa nimekaa na shangazi kwenye mlango wa uani. Nilisikia neno lile kwa mara ya kwanza likihusishwa na sisi. Shangazi akapumua kwa nguvu, akasema kwa sauti ya kujisemea lakini ya kusikika, "Kwa kazi ile aliyokuwa akiifanya, itabidi iwe laki."

Basi hapo ndipo nilipolielewa vibaya, na uelewa wangu mbaya ukanikaa kama mwiba. Niliona kwamba laki ni dhambi. Niliona kwamba kila mtu ana kipimo chake, na baba amepimwa akaonekana ana laki nzima, na sasa watu wataitwa hadharani waje kumpunguzia, sura moja kwa dhambi moja. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lakini hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Jambo lililokuwa likinitesa ni kutojua laki ni nyingi kiasi gani. Shuleni, hesabu tulifundishwa kwa Kiingereza na Mwalimu Nekesa, mama mpole aliyetoka bara, upande wa magharibi, na alikuwa Malindi mwaka wake wa kwanza. Siku ile alikuwa ameandika ubaoni tarakimu ndefu zenye sufuri nyingi. Nikaona ndiyo nafasi. Nikainua mkono.

"Mwalimu, laki ni ngapi?"

"Laki?" Akafikiri, akatabasamu. "Hilo si la hesabu. Hilo ni Kiingereza, lucky, ni mtu mwenye bahati. Ukipata bahati, wewe ni laki."

Darasa likacheka kidogo, kicheko cha kawaida tu. Lakini nyuma yangu alikaa Fauzia, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye akasimama bila ya kuitwa. "Mwalimu, babake ndiye anayesomewa laki! Alifia baa!"

Mwalimu Nekesa akapiga meza kwa kiganja, akasema, "Kaa chini wewe!" Lakini neno likishatoka haliitwi likarudi. Watoto wa bara wakawauliza watoto wa pwani laki ni nini, na watoto wa pwani wakawaeleza wanavyojua, na dawati kwa dawati nikalisikia likipita: baa, baa, baa. Nilikaza macho kwenye ubao wa dawati. Masikio yalikuwa yakiniwaka kana kwamba nimesimama karibu na tanuri. Mwalimu alinijia wakati wa mapumziko, akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulinizidishia aibu, kwa maana wote walikuwa wakitutazama.

Aliyenieleza laki ni mamangu, uani, tukiosha kokwa za ukwaju. Mimi nilikuwa nimezikusanya kwa majirani na kwa wauza ukwaju wa sokoni, tukaziosha mpaka zikang'aa kama macho ya panya, tukazianika. Akanieleza kwamba sura yenyewe ni ile fupi ya Kulhuwallahu, ambayo hata mimi naijua kwa moyo. Mtu akiisoma mara mia kwa tasbihi yake, hutupa kokwa moja kwenye beseni. Kokwa zikitimia elfu, laki imetimia. "Elfu mara mia," akasema. "Umeona? Si nyingi, watu wakiwa wengi."

Niliona. Lakini badala ya kutulia niliziangalia zile kokwa kwa jicho jingine. Sasa dhambi za baba zilikuwa na sura. Ile yenye ufa, nikawaza, ni siku aliyogombana na shangazi. Ile nyeusi kabisa ni siku aliyosahau kuniletea daftari. Nikatafuta kokwa ya chupa, nikaogopa kuipata.

Ijumaa ikafika. Mamangu alikuwa ameuza bangili yake, kukapikwa sufuria kubwa ya pilau na birika mbili za kahawa. Mikeka ilitandikwa sebuleni kwa wanawake na barazani kwa wanaume, na katikati ya kila upande pakawekwa sinia la kokwa na beseni tupu. Udi ukafukizwa. Nilisimama mlangoni nimevaa kanzu yangu ya Idi kwa ajili ya kuwapokea wageni viatu.

Barazani alikuja Maalim Sudi na watoto wa chuo, na wazee wawili ambao hawakosi popote penye pilau. Ndani walikuja wanawake ambao ningeweza kuwataja wote kwa majina hadi leo. Kila aliyeingia aliiangalia ile mikeka iliyobaki wazi, kisha akakaa karibu na mlango. Wakasoma, na kwa haki ya Mungu walisoma kwa bidii. Nikawa nasikia kokwa zikianguka kwenye beseni, moja, kimya kirefu, nyingine. Siku za hitima kubwa kubwa ule mlio huwa kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Siku ile ulikuwa kama bomba linalovuja.

Magharibi ikaingia, wakaondoka. Sinia bado lilikuwa na rundo. Zilizobaki zilizidi zilizosomwa, hilo lilionekana kwa macho tu. Na pilau ilikuwa imejaa sufuriani. Mamangu akanijazia sahani nizipeleke nyumba hadi nyumba. Walizipokea sahani, wakazirudisha zimeoshwa, na ahsante, na Mungu awajalie. Kwa kina Fauzia, mamake aliipokea bila ya kunitazama.

Niliporudi nilimkuta shangazi anatafuta kawa la kulifunikia sinia. "Aibu hii tutaificha wapi?" alikuwa akisema. "Laki kutotimia! Tangu nizaliwe sijaona maiti aliyesusiwa laki yake."

"Haifichwi," mamangu akasema. "Liache wazi. Tutasoma sisi."

Na wakasoma, yaani alisoma yeye. Shangazi alisoma siku za mwanzo, kisha akashikwa na mgongo. Mamangu alisoma baada ya kila sala, na akikosha vyombo alisoma, na akinisuka nywele alisoma, nikasikia sura ikipita juu ya utosi wangu. Mimi nilisoma nikirudi shule. Mdomo wa mtoto huchoka upesi. Nikishaitupa kokwa yangu moja nilikuwa nikilitazama rundo, nikaliona liko vilevile, na kila siku nikiamini kwamba baba amesimamishwa mahali, mlangoni, na shati lake jeupe, watu wanapita wanaingia, yeye anaambiwa ngoja, bado.

Sasa nyuma ya ukuta wetu wa uani palikaa Mama Jaya, mjane wa Kigujarati aliyeuza nguo na nyuzi. Walikuwa Wahindu, mtaani waliitwa Banyani. Alikuwa amefiwa na mumewe mwaka mmoja kabla yetu. Mchana mmoja nikianua nguo, kichwa chake kikatokeza juu ya ukuta. Alikuwa amepanda juu ya kinu.

"Wewe mtoto. Mama yako nasoma nini siku yote? Mimi nasikia ukutani, zzz, zzz, kama nyuki."

"Shikamoo. Asoma laki."

Akajivuta juu ya ukuta. "Lakh?"

"Laki. Moja. Ya babangu."

"Nani nafundisha nyinyi hii neno?"

Nikashangaa. "Si neno letu?"

Akacheka mpaka akashikilia ukuta. "Neno yenu! Hii neno ya kwetu. Bibi yangu kule Gujarat nasema lakh. Ile mzee ya hekaluni nasema laksha, ile lugha ya zamani sana ya vitabu ya dini, Kisanskriti. Bwana yangu nakufa, mimi pia nafanya lakh." Akanyoosha mkono chini akanionyesha uzi wa shanga za mbao, umeng'aa kwa kushikwa. "Jina ya Mungu, lakh moja. Mdomo nakauka kama mchanga."

Nikamtazama. Kumbe na yeye. Nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimemuuliza hata mamangu. "Bwana yako alikuwa na dhambi laki?"

"Dhambi?" Akakunja uso. "Hapana. Alikuwa na duka."

Nikabaki nimeshika nguo. Akaniona sijaridhika, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi namkumbuka tu. Lakh maana yake nyingi, nyingi, mpaka moyo nachoka. Ndiyo hiyo. Sema mama yako pole, mwambie mimi nasikia, haina sumbua." Akashuka kwenye kinu.

Nilikaa pale uani kwa muda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baba afe kufikiria kwamba labda kokwa ni kokwa. Nikaingia ndani nimejaa furaha ya kujua jambo, na jambo hilo nikalitoa mbele ya shangazi.

Alishika kichwa. "Kumbe twamsomea maiti kwa hesabu ya Banyani! Ndiyo maana haiishi! Ndiyo maana watu wamekaa mbali!" Akalinyanyua sinia akitaka kuzimwaga kokwa nje, mamangu akalishika upande wa pili, na kwa dakika nzima wanawake wale wawili walivutana sinia lile, kokwa zikiruka mikekani. Nilidhani nimemwangamiza baba mara ya pili. Mwishowe mamangu akasema, "Aitwe Maalim."

Maalim Sudi akaja, akasikiliza malalamiko ya shangazi mpaka mwisho, akisokota ndevu.

"Mwanaisha," akasema, "elfu ni neno la nani?"

"La Waarabu, Maalim. La Kurani."

"Na moja?"

"Letu."

"Na laki ni la Wahindi. Hilo nalijua zamani. Nilipokuwa kijana bandarini Mombasa, mabaharia wa Maskati wakilisema vilevile, lak, na walikuwa Waislamu kuliko mimi na wewe. Ukitaka hesabu isiyo na mgeni ndani yake, Mwanaisha, utahesabu moja mpaka tano. Ukifika sita utanyamaza, maana sita tumeletewa. Utaishije?" Wazee wawili waliomsindikiza wakacheka. "Sura ni sura. Hilo jingine ni jina la wingi tu, na wingi wenyewe anaujua Mungu."

Shangazi akaondoka bila ya kuaga. Mimi nilienda kuziokota kokwa mikekani.

Baadaye sana, nikiwa mwalimu mwenyewe hapa Kilifi, nilikutana na neno lile nisipolitazamia. Hija, kwenye foleni ya maji, nilijipanga nyuma ya mama mmoja wa Malesia, mfupi, mcheshi, na kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza tukawa tunahesabiana watu waliotujaa pande zote. Akasema kwao watu wengi huitwa laksa. Nikaruka. Laki! Tukashikana mikono kama ndugu waliopoteana, mpaka tulipoandikiana sufuri kwa kidole kwenye vumbi la ukuta na kuona kwamba yake ni elfu kumi tu. Huko mashariki lilikofika, neno limepungua mara kumi njiani. Huku kwetu limefika na wingi wake mzima. Naye Jaya, binti wa jirani yetu, ambaye alisomea lugha, aliniambia kwamba katika Kisanskriti cha kale neno lenyewe lilikuwa na maana ya alama, au shabaha, kile ambacho mtu wa mshale hukilenga. Vipi alama moja ikaja kuwa vitu laki, alisema, wataalamu wenyewe hawasemi kwa kauli moja. Mimi nilimsikiliza nikamwona mamangu, amekaa nyuma ya pazia, midomo inacheza.

Mvua za masika zilipoanza mwaka ule aliokufa baba, hoteli zikakosa wageni. Asubuhi moja, shangazi alikuwa amerudi kutusalimia, akachungulia dirishani akasema, "Haya! Walevi wenzake ndio hao wanakuja."

Wanaume wanne walikuwa wamesimama nje, mvua ikiwanyeshea, mashati yao ni yale yale meupe. Hawakubisha hodi. Walisimama tu. Sitasahau nilivyojisikia: niliwatakia waondoke. Niliangalia kwanza madirisha ya kina Fauzia, kama yamefunguliwa.

Mamangu akasikia, akaniambia niwakaribishe barazani. Mmoja wao, mrefu, mwenye mvi kidogo, akaja akasimama karibu na mlango wa ndani, akaliinamia pazia.

"Assalaam aleikum, Bi Zuhura."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Salimu. Mimi na marehemu tulikuwa kaunta moja. Tumekuja kukupa pole."

"Mmekawia," mamangu akasema.

Salimu akajifuta uso.

"Tumekawia, dada yangu. Ijumaa ile ya laki tulitoka, tulikuwa wengi kuliko hivi. Tukafika kona ya msikiti tukasimama. Tukaona haya. Tukasema, watu watatuuliza vinywa gani hivi vya kumsomea mtu. Mikono yetu ndiyo ile ile ya kushika chupa. Tukarudi."

Nililiona pazia likitikisika kidogo, kama mtu amelishika kwa ndani.

"Hata yake ilikuwa ile ile," mamangu akasema. "Kaeni."

Kisha mkono wake ukatokeza chini ya pazia, ukilisukuma sinia la kokwa sakafuni, taratibu, mpaka likafika barazani miguuni pa Salimu.

Wakakaa. Watatu walikuwa Waislamu. Wa nne, Kahindi, alikuwa Mgiriama Mkristo, akauliza yeye afanye nini. Salimu akamwambia akae na sinia, kila mtu akimaliza mia ampokee, aitie kokwa kwenye beseni. Mimi nikakaa karibu naye. Walianza kwa sauti za kuogopa, kama watoto wa chuo siku ya kwanza, halafu wakashika mwendo. Nilipopewa kokwa kutoka mkono wa Salimu niliusikia ule mkono ukinuka ndimu, na vidole vyake vilikuwa na michirizi myeupe ya kisu, kama vya baba. Nikageuza uso, nisionekane.

Walisoma mpaka adhuhuri, wakaswali, wakasoma mpaka alasiri. Wakarudi siku ya pili wakiwa wengi zaidi, wapishi na watandikaji vitanda, mvua ikinyesha, hoteli haina watu. Mama Jaya alipitisha juu ya ukuta sahani ya bajia. Kokwa ya mwisho ilipoingia kwenye beseni Maalim Sudi aliitwa, akaomba dua, na Salimu akalia wazi wazi, mtu mzima, kamasi zikimtoka.

Miezi yote ile nilikuwa nimeamini kwamba mji mzima ulimpima baba ukamgeuzia mgongo. Wengine walimgeuzia, hilo sitalifuta. Lakini baadhi ya ile mikeka ilikaa tupu kwa sababu ya watu waliosimama kwenye kona ya msikiti wakiwa na aibu ile ile niliyokuwa nayo mimi dawatini, hakuna aliyejua ya mwenziwe. Ningependa kusema kwamba tangu siku ile aibu ilinitoka. Haikunitoka. Nilikuwa mtoto, na shuleni jina la baa lilinifuata mpaka nilipomaliza. Lakini sikuziona tena kokwa kuwa dhambi, na baba hakusimama tena mlangoni akiambiwa ngoja.

Eda ilipokwisha, mamangu alitafuta kazi. Salimu akamsemea, akapata: kufua shuka, hoteli ile ile. Asubuhi ya kwanza shangazi alikuja mbio kabla hata chai haijachemka, leso imemponyoka begani.

"Zuhura, una wazimu? Hoteli ile? Watu hawajasahau ya kaka yangu, na wewe wawaendea kwa miguu yako? Kesho ukifa, tukae tena tukusomee laki?"

Mamangu alikuwa akijifunga buibui. Alilipachika pini, akaitafuta kandambili yake moja kwa kidole cha mguu.

"Laki mbili, Mwanaisha," akasema. "Na uanze mapema, wajua mgongo wako."

Akatoka kwa mlango wa mbele, akawasalimia kina Fauzia kwa sauti, wote, kwa majina yao.